Habu Nne za Gari la Wazazi

Gari la nne nalo lilikataa.

Mahija alikuwa chini yake tangu kulipopambazuka, mgongo kwenye matope, viganja vimetoka malengelenge. Nati tano za gurudumu alikwisha kuzifungua, na gurudumu lenyewe lilitoka bila ubishi. Ubishi ulianza alipoifikia habu, lile bakuli la chuma linalobeba gurudumu na kuzunguka nalo, na disku ya breki iliyokaa nyuma yake. Pedi za breki zilikuwa zimeing'ata ile disku tangu siku mwenye gari alipokufa, na hazikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Achia," alinong'ona, kama mtu anayembembeleza mbuzi aliyemeza kamba. "Achia, mama yangu. Nina mgonjwa."

Habu haikuwa na habari na mgonjwa wa mtu. Mahija akachukua patasi na nyundo. Alijua fika litakalotokea, maana alikuwa ameliona mara tatu kwenye magari matatu, lakini mtu mwenye shida hata akijua hujaribu tena. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Pigo la pili likatoa mlio mwembamba ndani ya chuma, na Mahija akawahi kugeuza uso. Habu ikapasuka, ikammwagikia kifuani ikiwa kokoto za kijivu zenye moto. Akalala vilevile chini ya gari akilia kwa hasira, kokoto zikimuunguza shingo, na hakujishughulisha kuzipangusa.

Hiyo ilikuwa kazi ya mlinzi. Kila habu iliyotengenezwa tangu Mahija azaliwe ilikuwa na mlinzi tumboni, kidude kidogo kuliko punje ya mahindi, na mlinzi alijua mambo mawili tu: Ramani ya barabara zinazoruhusiwa, na mguu wa mwenye gari. Gari likifika mahali Ramani inapokoma, mlinzi hufunga breki, na hapo hata ukilivuta kwa ng'ombe haliendi. Mwenye gari akifa au akihama bila kuliachilia kwa mguu wake mwenyewe, mlinzi hufunga breki moja kwa moja. Ukimlazimisha kwa nyundo, anajiua na kuiua habu yake. Waliobuni jambo hilo walitaka kukomesha wizi wa magari, na kusema kweli wizi ulikoma. Gereji nazo zilikoma, ila hilo halikuandikwa popote.

Ndiyo maana uwanja wa vyuma chakavu wa Kwemtindi, huku juu kabisa kwenye milima ya Usambara, ulikuwa na magari mia mbili na ushee, na hakuna hata moja lililoweza kumpa mtu habu. Yote yalikuwa yamekufa yameng'ata meno. Magari ya aina ya Kifaru yalikuwa manne tu, na Mahija alikuwa amelivunja la nne. Akajitoa chini, akaokota spana zake, akaenda nyumbani karibu mbio.

*

Mumewe, Kaniki, alikuwa amelazwa sebuleni kwenye godoro, mguu wa kulia ukiwa juu ya mto. Kaniki alikuwa mpasua mbao. Siku tatu nyuma, gogo la mkaratusi lilimbingirikia. Siku ya kwanza alitania kwamba mguu umepewa likizo bila kuomba. Siku ya pili aliacha utani. Sasa vidole vilikuwa vyeusi, na sebule ilikuwa na harufu ambayo Mahija alijilazimisha kuiita harufu ya dawa.

Daktari wa hospitali ya bondeni alikuwa redioni, na wala hakuzungukazunguka.

"Dada, mguu unaoza, na kuoza kunapanda. Nikimpata kesho mchana, nitakata mguu, mtu atabaki. Nikimpata kesho kutwa, sitakuwa na la kufanya."

"Tutumieni ndege, daktari."

"Ndege zetu hazina rubani na zinabeba kilo kumi na tano. Damu na dawa tu. Gari la wagonjwa ninalo, lakini litafika ukingo wa Ramani, pale kona ya mwisho, na hapo litajifunga. Mfikisheni ukingoni. Mkimfikisha, mimi nitakuwa nimeshanawa mikono."

Kumfikisha ukingoni! Miaka sita iliyopita mvua iliporomosha kipande cha mlima mara moja, na Mamlaka ya Ramani ikaifuta barabara yote ya kushukia bondeni. Wananchi waliondoa kifusi kwa majembe ndani ya wiki mbili, lakini hakuna aliyekuja kuangalia. Tangu hapo Kwemtindi na vijiji vyake vilikuwa kisiwa kwenye Ramani, na kati ya kisiwa na ukingo wa bondeni kulikuwa na kilomita hamsini na mbili ambazo kwa gari lolote lenye mlinzi hazikuwepo duniani. Kwa mabega ya watu, hizo ni siku mbili.

Uani, juu ya mawe manne, lilikaa gari la Mahija. Alilitengeneza mwaka mzima ili awe anabebea kabichi zao kutoka shambani bila kumwomba mtu. Chesisi ilikuwa mabomba ya maji aliyoyachomelea mwenyewe. Mota na betri zilitoka kwenye pampu ya umwagiliaji. Usukani ulikuwepo, viti vilikuwepo, taa moja ilikuwepo. Halikuwa na habu, kwa hiyo halikuwa na magurudumu wala breki, na kwenye mteremko ule bora ukose mota kuliko kukosa breki. Vijana wa milimani hushuka na baiskeli za mbao, breki yao kipande cha kandambili wanachokikanyagia gurudumu la nyuma. Gari la kilo mia saba si baiskeli ya mbao.

Kosa lilikuwa lake, na alijua. Fundi anayejua anachofanya hutafuta kwanza gari mfadhili, yaani lile litakalotoa habu na breki, kisha ndipo anachomelea mikono ya kushikia magurudumu kwa vipimo vya mfadhili huyo. Mahija alifanya kinyume. Mwaka jana gari la wazazi, lile la kliniki linalobeba wajawazito, lilipata pancha mbele ya nyumba yake, naye akalipima habu kwa kamba na rula huku akiziba ile pancha. Lilikuwa Kifaru, na ndilo gari pekee lililo hai juu ya mlima. Akachomelea mikono yote minne kwa vipimo hivyo, akijipa moyo kwamba Kifaru mfu atampata tu kwenye uwanja wa chakavu na atamfungua kwa ujanja. Sasa wafu walikuwa wamekwisha, na ujanja pia.

"Umepata?" Kaniki aliuliza, macho yamefumba.

"Napata leo," alisema Mahija. Akanawa matope mikononi, akafunga kitambaa kichwani, akatoka.

*

Ilikuwa Jumanne, siku ya wajawazito, na gari la wazazi lilikuwa limeegeshwa mbele ya kliniki, jeupe, limepauka, na maua ya plastiki yamening'inizwa kwenye kioo. Nesi Paskalina Mkufya alikuwa mlangoni akipima mtu presha. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mfupi, na sauti yake iliamuru hata alipokuwa anaomba chumvi.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Usiseme kitu, unachoomba nakijua. Mwaka jana nilikuona unapima habu zangu kwa kamba, nikasema huyu mtoto ananipimia sanda." Akafungua mkanda wa presha. "Kaniki yukoje?"

"Anaoza, mama."

Nesi akamwambia mgonjwa wake aende akakae, akamshika Mahija mkono wakasimama karibu na gari.

"Mguu unaotakiwa na hizi breki ni wangu," alisema. "Lakini gari si langu. Limenunuliwa kwa viazi na kabichi za wanawake wa vijiji vitano. Unajua tunavyofanya huku. Kitu cha wote hakitoki mpaka wale wanaokitegemea siku hiyo wakiwekee mkono. Mkono mmoja ukikosekana, kimebaki. Wenyewe wale pale kwenye benchi. Kawaombe."

Walikuwa saba. Saba, wote na matumbo yao mbele, wakila karanga na kusubiri zamu. Wa mwisho kwenye benchi alikuwa Stumai, dada yake Kaniki wa tumbo moja. Stumai alikuwa na miaka thelathini na minne na alikwisha kuzika watoto wawili. Wote wawili walifia nyumbani kwake Kwegole, kilomita kumi na nane kutoka hapo, kabla gari halijanunuliwa. Mimba hii ya tatu alikuwa ameibeba kama mtu anayebeba yai mkononi sokoni.

Mahija hakujua aanzeje, akapiga magoti. Akawaeleza. Mguu, harufu, daktari, kona ya mwisho. Akawaambia anaomba habu nne na breki zake, kwa sababu gari lake halina mlinzi wala jina, haliijui Ramani, na kwa hiyo litapita mahali ambapo gari la wazazi lingejifunga. Wanawake walimsikiliza bila kutafuna.

"Na zitarudi lini?" aliuliza mmoja.

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi ya kusema ukweli. Habu zilizoachiliwa zinaweza kurudishwa na kukubali tena mguu wa mwenyewe, hilo kila mtu alilijua. Lakini kuna hesabu aliyoijua Mahija peke yake, maana ndiye aliyeifanya. Betri ya pampu ingetosha kushuka na kubaki na nguvu ya kilomita tatu nne. Kupanda isingeweza. Bondeni kila soketi ya kuchajia huuliza kwanza jina la gari, na gari lisilo na jina halipewi umeme, linapewa mashine ya kusaga vyuma. Gari la wagonjwa haliji ukingoni bila mkaguzi wa Mamlaka. Habu zikishuka, zimeshuka.

"Ijumaa," alisema Mahija.

Neno lilitoka jepesi, akalishangaa mwenyewe.

"Betri itapanda huo mlima?" Nesi aliuliza. Alikuwa hajashuka bondeni miaka sita.

"Nitachaji hukohuko."

Mmoja akainuka, akaweka kiganja kwenye boneti. Akafuata wa pili. Wa tatu alisema huyo Kaniki ndiye aliyempasulia mbao za kitanda bila kumdai, akaweka mkono. Wakafika sita. Stumai alikuwa bado amekaa, karanga zimemjaa mkononi.

"Wifi," alisema, "niangalie."

Mahija akamwangalia.

"Kaka yangu nampenda. Wewe unajua. Lakini hiki kilichomo humu," akagusa tumbo, "sina kingine. Nesi kanihesabia wiki tatu. Ijumaa kweli?"

"Ijumaa, wifi. Haki ya Mungu."

Stumai akazirudisha karanga kwenye kikapu moja moja, akainuka kwa shida, akaweka mkono wa saba. Nesi Paskalina akapanda garini, akakanyaga breki mara tatu, na kila mara akasema kwa sauti: naachilia, naachilia, naachilia. Ndani ya magurudumu manne kukasikika pumzi fupi, na walinzi wakalala. Wanawake wakapiga makofi kidogo, kwa heshima. Mahija alikuwa tayari anaingiza jeki.

*

Kazi ya siku nzima ilimalizika kabla jua halijazama. Habu ziliingia kwenye ile mikono bila nyundo. Beringi zilikaa, stadi tano, yaani bolti za gurudumu, zikapita kwenye matundu matano, kalipa zinazobana pedi zikazishika disku sawasawa, mafuta ya breki yakajaa mpaka mstari bila hata povu. Kwa mwaka mzima alikuwa ameota siku hiyo, siku ya kuona kwamba vipimo vyake vya kamba na rula vilikuwa sahihi. Alikaza nati ya mwisho, akahisi furaha ya fundi inampanda kifuani, akaionea aibu.

Wakatoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba. Kaniki alilazwa nyuma juu ya godoro. Stumai, aliyelala kliniki usiku huo kwa kukosa usafiri, alikaa pembeni yake akimshika kichwa, kwa sababu Kwegole ilikuwa njiani, kwenye ukingo wa juu kabisa kabla barabara haijaanza kushuka.

Njia nzima Stumai aliongea. Alizungumzia mama mkwe wake kipofu aliyemwacha peke yake tangu jana, na mumewe aliyeko bondeni kwenye mashamba ya katani, ambaye hajui kama mtoto ni wa kiume au wa kike na amekataa kuambiwa. Alimfuta Kaniki jasho. Alimwambia, "Kaka, ukirudi na mguu mmoja nitakutania mpaka uote wa pili." Kaniki alicheka kidogo, na Mahija akaukaza usukani.

Kwegole walisimama. Breki zilishika taratibu na kwa usawa, zile habu zimezoea kubeba wazazi. Stumai akashuka, akazunguka mpaka upande wa dereva.

"Ijumaa nitakuwa hapa barabarani nakusubiri," alisema. "Nitakupikia ugali wa bada."

Sasa, Mahija alijiambia. Mwambie sasa. Mwambie arudi kliniki leo hii, hata kwa miguu, hata kwa kupumzika kila mti, alale pale wiki tatu mpaka ajifungue. Lakini Stumai angeuliza kwa nini. Na Stumai alikuwa amesimama mbele ya gari, mkono juu ya boneti, na mkono ule ungeweza bado kusema hapana.

"Usinyanyue ndoo nzito," alisema Mahija.

"Sinyanyui," alisema Stumai, akampisha.

*

Pale kisiwa cha Ramani kilipoishia kulikuwa na matairi mawili yaliyopakwa chokaa. Wakayapita. Hakuna kilichojifunga. Barabara ikageuka, ikaanza kushuka, na Mahija akasikia uzito wote wa gari, wa mumewe na wa uongo wake ukizisukuma zile disku nne, na zile disku zikaubeba. Kona ya kwanza. Ya pili. Harufu ya pedi zenye moto ikapanda, nayo akaipenda, kwa sababu ilimaanisha zinafanya kazi.

"Mahija." Sauti ya Kaniki ilikuwa kavu. "Betri ni ile ya pampu?"

Kaniki ndiye aliyemsaidia kuibeba kutoka kisimani.

"Ndiyo."

"Haiwezi kupanda."

Mahija akakanyaga breki kuingia kona.

"Na bondeni hawachaji gari lisilo na jina. Umewaambia nini?"

"Kaniki, lala."

"Umemwambia nini dada yangu?"

"Nimemwambia Ijumaa."

Kona nyingine ikapita. Walikuwa wameshuka kilomita tatu, na wote wawili walijua maana yake: betri ilikuwa bado inaweza kuwarudisha.

"Geuza," alisema Kaniki.

"Nikigeuza utakufa."

"Nimekusikia. Geuza gari, mke wangu. Nitakufa kwangu, na watu watanizika vizuri. Huyu mtoto wa Stumai mimi nitamwambia nini?"

Mahija aliona mahali pa kugeuzia. Palikuwa pana, upande wa kulia, tambarare kabisa. Akatoa mguu kwenye breki, akaurudisha, akatoa tena. Mahali pale pakabaki nyuma yao. Kaniki alianza kulia kwa sauti ya chini, mtu mzima yule, na aliendelea kulia kona baada ya kona mpaka homa ilipomchukua akalala. Mahija hakulia. Alikuwa na kona za kuhesabu.

Saa nne na nusu walifika ukingoni. Gari la wagonjwa lilikuwepo, na wahudumu wakamchukua Kaniki kwa haraka na kwa upole, wakamtundikia maji, wakaondoka. Mkaguzi naye alikuwepo, mwanamke mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na nyuma yake mashine ya kusaga vyuma.

"Pole sana, mama," alisema, na ilionekana wazi anamaanisha. "Chombo hiki hakina jina. Sina namna."

"Chukua gari. Naomba habu tu. Nne. Nitazifungua mimi mwenyewe nizibebe mgongoni, nizirudishe kwa wenyewe."

"Habu ambayo mlinzi wake amelala haitakiwi kukaa mikononi mwa mtu. Ni kosa kwangu kukuachia hata moja."

Mahija akapiga magoti kwa mara ya pili ndani ya siku mbili. Akamweleza habari za benchi, za mikono saba, za Stumai. Mkaguzi akageuka akatazama pembeni, akapangusa jicho, kisha akabonyeza kitufe. Ile kazi ya mwaka mzima haikuchukua hata robo saa. Habu zilisagwa mwisho, moja baada ya nyingine, na mlio wake ulikuwa mwembamba.

*

Alhamisi asubuhi daktari alimwambia kwamba mguu umekatwa juu ya goti, homa imeshuka, na mgonjwa ataamka mchana. Alimpa mkono wa hongera. Mahija akauchukua ule mkono, akauachia, akamwomba muuguzi wa zamu amwambie Kaniki kwamba mkewe amekwenda kwa Stumai. Akanunua mkate, akaanza kupanda kwa miguu.

Alitembea siku hiyo na siku ya pili. Kila kona aliyoishuka kwa breki za watu aliipanda kwa goti lake mwenyewe, na njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipanga kuanza na pole. Akabadilisha, akapanga kuanza na betri. Ijumaa ilizama akiwa bado chini ya kilele, na hilo lilimuuma kuliko miguu. Jumamosi asubuhi aliyapita yale matairi yenye chokaa, akaona watu barabarani mbele ya Kwegole.

Wanawake wanne walikuwa wamebeba machela ya miti miwili na blanketi, wamepata hatua chache tu kutoka nyumbani. Nesi Paskalina alikuwa pembeni, viatu vyeupe vimejaa vumbi. Ilionyesha ametembea kilomita zote kumi na nane kuwafuata. Mahija akakimbia. Walipomwona wakasimama, na hakuna aliyemsalimu.

"Jana Stumai alisimama barabarani tangu asubuhi mpaka jioni," alisema Nesi, bila kupaza sauti, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuamuru chochote. "Anasubiri gari. Jua lote lile. Jioni chupa ikapasuka. Mtoto amekaa vibaya, na vifaa vyangu viko kliniki. Ungesema ukweli, Mahija, nisingemruhusu atoke kliniki Jumatano ile. Kitanda kilikuwepo. Kimekaa kitupu tangu hapo, mwanangu."

Yale maneno aliyoyapanga siku mbili hayakuwepo tena. Mahija akasogea kwenye machela.

Stumai alikuwa amelala ubavu juu ya machela, ameng'ata ncha ya khanga. Uchungu ulimpitia, wote wakasubiri, ukapita. Akaitoa khanga mdomoni.

"Kaka yangu yuko hai?"

"Yuko hai."

Stumai alimtazama kwa muda mrefu. Jasho lilikuwa linamtiririka machoni na hakulifuta.

"Basi beba," alisema.

Mwanamke wa nyuma kushoto akasogea bila kumtazama, akampisha. Mahija akaingiza bega chini ya mti, wakaondoka.